Shajara ya Kombe la Davis 2015: Glasgow, London, Glasgow, Ghent

Alhamisi, 5 Machi. Treni ya kwenda Glasgow

Kutoka Euston hadi Glasgow Central ni saa nne na nusu hivi, na nyingi kati ya hizo nimezimaliza nikimweleza jirani yangu wa kiti Kombe la Davis ni mdudu gani. Tenisi anayoijua yeye ni ya Wimbledon, ya mtu na mtu. Nimemwambia hii wanacheza kwa bendera. Pambano moja ni siku tatu, mechi tano. Ijumaa mechi mbili za mmoja mmoja, Jumamosi moja ya wawili wawili, Jumapili mbili tena za mmoja mmoja huku wapinzani wamebadilishana. Nchi itakayotangulia kufikisha pointi tatu imepita. Kila mechi ni ya kushinda seti tatu kati ya tano, na seti ya tano haina taibreki, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6: mtachezeshwa mpaka mmoja amwache mwenzake kwa gemu mbili, hata kukipambazuka.

Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa Uingereza ina nani zaidi ya Murray?"

Nikacheka, maana swali hilo ndilo lililonikatisha tiketi. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mashindano haya yana mwanya: mchezaji mmoja hodari anaweza kushinda Ijumaa na Jumapili, na akiwa na mwenzake anayeelewana naye, akaongeza na Jumamosi. Hizo ni pointi tatu tayari. Nataka kuona kama nchi inaweza kubebwa hivyo mwaka mzima.

(Kiswahili chetu kinaita kisiwa kizima Uingereza. Ukilisema hilo kwa sauti Glasgow, utarekebishwa kabla hujamaliza. Waskoti wanisamehe, nitaandika nilivyozoea.)

Ijumaa, 6 Machi. Uingereza na Marekani, siku ya kwanza

Ukumbi unaitwa Emirates Arena, mashariki mwa jiji, dakika chache kwa treni hadi Dalmarnock halafu unatembea. Ng'ambo ya barabara ni uwanja wa mpira wa Celtic. Ukumbi huu ulitumika mwaka jana kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Badminton ilichezwa humu, na mlango wa pili ni uwanja wa baiskeli. Leo wametandika kiwanja kigumu, na watu wamejaa mpaka juu.

Andy Murray alianza na Donald Young. 6-1, 6-1, nikadhani tutakula chakula cha mchana mapema. Akapoteza ya tatu 4-6, akaamka, akafunga 6-2. Pointi ya kwanza.

Kisha akaja James Ward, wa 111 duniani, kukabiliana na John Isner, wa 20. Isner ndiye yule jitu la servi (mpira wa kuanzisha pointi) aliyecheza saa 11 na dakika tano na Mfaransa Nicolas Mahut pale Wimbledon 2010, seti ya mwisho ikaisha 70-68. Ukimpeleka mtu wa namna hiyo seti ya tano isiyo na taibreki, umemrudisha shambani kwake.

Ward alipoteza seti ya kwanza kwa taibreki. Akapoteza ya pili 5-7. Watu wawili mbele yangu wakavaa makoti. Akashinda ya tatu 6-3. Ya nne ikaenda taibreki, akaichukua. Makoti yakavuliwa.

Seti ya tano siwezi kuisimulia kwa mpangilio maana hata mimi sikuiishi kwa mpangilio. Sita sita, nane nane, kumi kumi. Kila Isner alipoinua mkono kupiga servi ukumbi ulinyamaza kama msikiti, mpira ukipaa kwa urefu ule wote ukatua pembeni, na Ward akatembea upande wa pili kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Hakuwa akicheza vizuri kuliko Isner. Alikuwa tu akikataa kukasirika. Kumi na mbili kumi na mbili, kumi na tatu kumi na tatu. Halafu gemu moja ya Isner ikachafuka, mipira miwili mitatu ikagonga wavu, na ghafla watu 7,000 na ushei walikuwa wamesimama juu ya viti. 6-7, 5-7, 6-3, 7-6, 15-13, karibu saa tano.

Sauti yangu imekwisha. Naandika hotelini, saa sita usiku imeshapita, mkono unatetemeka.

Jumamosi, 7 Machi

Mapacha Bob na Mike Bryan dhidi ya Jamie Murray, kaka yake Andy, na Dominic Inglot. Andy amepumzishwa. Bryan wakashinda seti mbili za haraka, Jamie na Inglot wakarudisha mbili, na ya tano ikaenda 9-7 kwa Wamarekani. Imeuma, ila Jamie leo alikuwa wembe pale karibu na wavu. Nimeliandika hilo pembeni.

Jumapili, 8 Machi

Andy na Isner: 7-6, 6-3, 7-6. Pointi ya tatu, basi. Mechi ya tano ikabaki ya kukamilisha ratiba; Ward alijitoa akiwa nyuma 0-5 mbele ya Young, hakuna aliyemlaumu. Matokeo yakaandikwa 3-2.

Ndani ya treni nikafanya hesabu ndogo. Mtoe Ward wa Ijumaa, na jioni hii ingekuwa 2-2 kabla ya mechi ya mwisho, na aliyetakiwa kuicheza ni huyuhuyu Ward mwenye miguu iliyokwisha. Kwenye karatasi itasomeka kwamba Murray aliwatoa Wamarekani.

Ijumaa, 17 Julai. London, Uingereza na Ufaransa

Robo fainali, klabu ya Queen's, kituo cha Barons Court. Mwenyeji huchagua kiwanja, na Uingereza imechagua nyasi. Wafaransa hawakulalamika sana: Mahut ametoka kushinda taji la nyasi Uholanzi mwezi uliopita, na Jo-Wilfried Tsonga ameshafika nusu fainali ya Wimbledon mara mbili.

Queen's ni mahali pa adabu. Viti vimebanana na majumba ya matofali mekundu, na unaweza kuamini kuna mtu ameketi dirishani kwake anatazama bure.

Gilles Simon alimfunga Ward 6-4, 6-4, 6-1. Ward wa Machi hakuonekana. Nyasi na Simon ni mchanganyiko wa kumkera mtu, kila mpira unarudi mwembamba na chini. Ikabidi Andy asawazishe. Juma lililopita tu Federer alimtoa nusu fainali ya Wimbledon, na nilihofia amechoka. Seti ya pili taibreki ikafika 12-10 kabla Tsonga hajavunjika. 7-5, 7-6, 6-2. Moja moja.

Jumamosi, 18 Julai

Safari hii kapteni Leon Smith hakumpumzisha mtu. Amewaweka ndugu wawili, Andy na Jamie, dhidi ya Tsonga na Mahut.

Nimewatazama sana leo, na nadhani watu hukosea wanapomwita Jamie msindikizaji. Wiki iliyopita alikuwa fainali ya wawili wawili ya Wimbledon pamoja na Mwaustralia John Peers, wakafungwa. Huyu kazi yake ndiyo hii. Ana mkono wa kushoto, anasimama karibu na wavu kuliko mtu mwenye akili timamu, na kabla ya kila pointi yeye ndiye anayezungumza, Andy anatikisa kichwa. Mdogo mtu, bingwa wa Wimbledon na wa Olimpiki, anaelekezwa na kaka yake asimame wapi! Walipoteza ya kwanza 4-6, wakashinda 6-3, 7-6, 6-1.

Jumapili, 19 Julai

Sijawahi kuona mtu akishinda akiwa amechoka namna hii. Seti ya kwanza Andy alikuwa anaburuta miguu, Simon anamkimbiza huku na huku kama paka na kitu chake. 4-6. Ya pili ikaponea taibreki. Kisha Simon ndiye aliyeishiwa: 6-3, 6-0. Tatu kwa moja, na mechi ya tano haikuchezwa.

Uingereza haikuwa imefika nusu fainali tangu 1981. Bibi mmoja aliyekaa kulia kwangu alikuwa na umri wa kuikumbuka hiyo, ila yeye alitaka kuongea juu ya 2010. Mwaka huo timu ilifungwa na Lithuania, ikabidi icheze na Uturuki kuokoa roho yake isishuke kwenye kundi la chini kabisa. Hapo ndipo Smith alipokabidhiwa ukapteni. "Nilikuwepo na kwenye ile ya Uturuki," akaniambia, kwa fahari ya mtu aliyehudhuria mazishi akaja kuona maiti anaamka.

Ijumaa, 18 Septemba. Glasgow tena, Uingereza na Australia

Tarehe ina utani wake. Mwaka mmoja kamili uliopita, 18 Septemba 2014, Scotland ilipiga kura ya kujitenga au kubaki. Ilibaki, lakini hapa Glasgow wengi walitaka kuondoka, na Andy mwenyewe aliandika mtandaoni maneno yaliyoeleweka kuwa anaunga mkono uhuru, akatukanwa vya kutosha. Leo jiji hilohilo limejaa ukumbini likiimbia timu yenye jina la Britania. Nimemuuliza kijana mwenye bendera ya Scotland mabegani anaishangilia nchi gani. Akanyoosha kidole kiwanjani: "Yule pale."

Andy alimchana Thanasi Kokkinakis 6-3, 6-0, 6-3.

Mechi ya pili ilikuwa na habari yake. Smith amemwacha Ward nje na kumwita Dan Evans, wa 300 duniani. Mia tatu! Evans ana mkono laini wa kupendeza, mipira ya kukata inayobaki chini, na kwa vipindi virefu alimfanya Bernard Tomic aonekane mzembe. Akachukua hata seti ya tatu. Tomic akashinda katika nne. Kwa kuona kwangu uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa nilimtafuta Ward kwa macho kila mara walipowaonyesha wa benchi.

Jumamosi, 19 Septemba

Hii ndiyo siku iliyoamua, na ndiyo mechi bora ya wawili wawili niliyoiona kwa macho yangu.

Andy ana mgongo unaomsumbua. Amepigwa na Kevin Anderson raundi ya nne ya US Open, New York. Jamie amecheza fainali New York wiki iliyopita akafungwa tena na, nani mwingine, Mahut, akiwa na Herbert. Upande wa pili ni Sam Groth, mwenye servi inayosikika kama mlango unaobamizwa, na Lleyton Hewitt, miaka 34, ambaye ametangaza kwamba Januari anatundika raketi.

Ukumbi mzima ulimzomea Hewitt kwa heshima, kama kuna kitu kama hicho. Kila alipookoa pointi alikunja ngumi na kutuangalia sisi, watu elfu kadhaa, mmoja mmoja. 4-6 kwao, 6-3 na 6-4 kwetu. Taibreki ya seti ya nne ikaponyoka 6-8, na nikaona mabega ya Andy yameshuka. Nilidhani imekwisha.

Alikuwa Jamie aliyeibeba seti ya tano. Andy alipiga mipira ya kutangazwa kwenye runinga, sawa, lakini aliyekuwa akiifungua milango ni kaka: mguso mmoja mfupi pale wavuni, hatua moja ya kumziba Groth, mpira wa kurudishia servi uliowekwa miguuni kwa Hewitt. 6-4, baada ya karibu saa nne. Wakakumbatiana kwa muda mrefu kuliko desturi ya ndugu wa huku.

Jumapili, 20 Septemba

Andy na Tomic, 7-5, 6-3, 6-2. Fainali ya kwanza tangu 1978. Kokkinakis akachukua ile ya mwisho isiyo na uzito mbele ya Evans. Nimepata habari nikiwa kwenye foleni ya treni kwamba Ubelgiji imewatoa Argentina huko Brussels katika mechi ya tano, Steve Darcis akiwa shujaa.

Mara ya mwisho Uingereza na Ubelgiji kukutana ilikuwa Glasgow 2012, na Ubelgiji ikashinda 4-1. Uwenyeji hupokezana, kwa hiyo zamu ni yao. Mwaka 1904 Ubelgiji ilicheza fainali yake ya kwanza, Wimbledon, dhidi ya hawahawa, ikala 5-0. Imesubiri miaka 111 kupata ya pili.

Alhamisi, 26 Novemba. Brussels hadi Ghent

Nimepakia na kupakua begi mara mbili. Tangu mashambulizi ya Paris ya tarehe 13, na Brussels yenyewe kufungwa wikendi iliyopita, treni za chini ya ardhi zikasimamishwa na shule zikafungwa, ndugu na marafiki wananipigia kuuliza kama nina haja kweli ya kuona tenisi. Timu ya Uingereza yenyewe iliahirisha kuondoka kwa siku moja. Leo kiwango cha tahadhari kimeshushwa kutoka nne hadi tatu, nikachukua hilo kama ruhusa.

Kituo cha Midi kilikuwa na wanajeshi kuliko wasafiri, au ndivyo ilivyoonekana kwa mtu anayetembea haraka. Nusu saa baadaye nilikuwa Ghent na jiji lilikuwa linaendelea na maisha yake: baiskeli, mifereji, watu wazima wakila vibanzi vya viazi vyenye mayonezi wakiwa wamesimama.

Nilipita kanisa la Mtakatifu Bavo kuona mchoro mkubwa wa madhabahuni uliokamilika 1432. Baadhi ya vipande havipo, viko kwenye ukarabati. Mwongozaji alitueleza kwamba Hubert van Eyck aliuanza na mdogo wake Jan akaumaliza baada ya kaka kufa, na kwamba mpaka leo wataalamu wanabishana nani alichora nini. Nikacheka peke yangu. Mabishano haya nayajua.

Ijumaa, 27 Novemba. Fainali, siku ya kwanza

Tramu namba moja hadi Flanders Expo. Upekuzi langoni, foleni ndefu, hakuna aliyenung'unika. Ni banda la maonyesho ya biashara, ndani yake wamemwaga udongo mwekundu na kuzungusha viti vya watu 13,000. Wabelgiji wamechagua udongo kwa makusudi: juzi tu Andy alikuwa London kwenye mashindano ya wanane bora, kiwanja kigumu, na kubadili miguu kwa wiki moja si mchezo.

Kyle Edmund, miaka 20, hajawahi kuichezea nchi. Mechi yake ya kwanza ni fainali, ugenini, na David Goffin. Akashinda 6-3. Akashinda 6-1! Anapiga ule mkono wa kulia kama anapasua kuni. Kwa muda wa dakika 70 hivi banda lilikuwa baridi, na mimi nikaanza kuandika kichwani sentensi juu ya kidole cha pili. Miguu ikamwisha. 2-6, 1-6, 0-6. Hakuna aibu, ila ni pointi ya Goffin.

Andy akasawazisha kwa kumfunga Ruben Bemelmans 6-3, 6-2, 7-5.

Jumamosi, 28 Novemba

Ndugu wawili dhidi ya Goffin na Darcis. 6-4, 4-6, 6-3, 6-2. Seti ya tatu mwanzoni Jamie alipoteza servi yake na niliona hofu, halafu ikapita. Jioni nimetembea kando ya mfereji bila kuzungumza na mtu.

Jumapili, 29 Novemba

Goffin alijitahidi. Anacheza mapema, mpira ukiwa bado unapanda, na kila aliposhinda pointi ndefu banda lilitikisika hadi vyuma. Lakini Andy leo alikuwa mtu aliyekwishaamua. 6-3, 7-5. Ya tatu Goffin akatangulia kidogo, akakamatwa.

Pointi ya mwisho: Goffin yuko wavuni, Andy anakimbilia mpira upande wa kushoto, hana nafasi, akaunyanyua juu. Mpira ukapaa polepole sana. Goffin akageuka, akaukimbilia, akauangalia ukidunda ndani ya mstari. Andy akaanguka kwenye udongo na wenzake wakamwangukia. 6-3. Kombe la kwanza tangu 1936, enzi za Fred Perry. La 10 kwa jumla.

Wabelgiji walibaki vitini wakapiga makofi. Niliwapenda kwa hilo.

Nimekaa mpaka wakaleta kombe lenyewe, bakuli la fedha lililotolewa na Dwight Davis mwaka 1900, limesimama juu ya ngazi za mbao zenye majina ya washindi. Ward, ambaye hakuchezeshwa hapa, alikuwa mmoja wa waliolishika.

Kwenye treni ya kurudi nimetoa daftari na kuhesabu. Uingereza imepata pointi 12 mwaka huu, tatu kwa kila pambano. Nane ni za Andy peke yake, mechi zote nane za mmoja mmoja alizocheza. Tatu ni zake na Jamie. Hiyo ni 11. Nimerudi nyuma kurasa zote kutafuta ya 12, ingawa nilijua iko wapi: ukurasa wa pili, mwandiko umepinda, 15-13.

Jirani yangu wa kiti leo amelala tangu Brussels. Nimemwachia alale.